Anatumia dawa za kifafa, kijiti kiko mkononi, mimba ikaingia

Moshi. Chukua mfano wa mama wa Kibosho mwenye kifafa. Ana kadi mbili. Moja ni ya kliniki ya afya ya akili, anakochukulia fenobabito kila mwezi. Nyingine ni ya kliniki ya mama na mtoto, alikowekewa kijiti. Muuguzi wa mlango huu haoni kadi ya mlango ule, na mama hakuulizwa.

Shida inaanzia kwenye ini. Fenobabito, kabamazepini na fenitoini hulifanya ini lichape kazi kupita kawaida, likazivunja haraka homoni za vidonge vya uzazi wa mpango na za kijiti. Kinachobaki kwenye damu huenda kisitoshe kuzuia mimba. Mama hajasahau kidonge hata siku moja, kijiti hakijaisha muda, lakini mimba inaingia. Nyumbani anaambiwa ni mzembe, au mume anaanza kuuliza maswali mengine kabisa.

Si jambo la watu wachache wa mjini. Watafiti waliopita nyumba kwa nyumba wilayani Hai mwaka 2009 waliwakuta wenye kifafa vijijini, zaidi ya nusu wakiwa hawatumii dawa. Wanaotumia, wengi hupewa fenobabito kwa kuwa ni ya bei nafuu.

Njia zisizoathirika zipo, tena zipo kwenye vituo vya kawaida. Sindano ya miezi mitatu haipunguzwi nguvu na dawa hizo. Kitanzi cha shaba nacho hakina homoni, kwa hiyo ini halina cha kuvunja. Bahati mbaya ndicho kinachosemwa vibaya mitaani, eti hupanda hadi moyoni. Hakipandi, kinakaa kwenye mfuko wa uzazi.

Kubadili dawa ya kifafa ni hesabu nyingine. Valproeti haigombani na vidonge, lakini mjamzito akiitumia, takriban mtoto mmoja kati ya kumi huzaliwa na kasoro kubwa ya maumbile, na wengine huchelewa kujifunza. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri wasichana na wanawake walio katika umri wa kuzaa wasiandikiwe. Lamotrijini mambo yake ni kinyume: vidonge vyenye estrojeni ndivyo vinavyoipunguza yenyewe, na degedege linaweza kurudi.

Aliyekwisha kushika mimba asiache dawa ghafla. Degedege la mfululizo linaweza kumuua yeye na mtoto. Awahi kliniki, aseme. Anayepanga kuzaa aulize mapema kuhusu foliki asidi, kabla mimba haijaingia.

Na kwa kuwa majina ya dawa hizi ni magumu kukumbuka, siku ya kwenda kuchukua njia ya uzazi wa mpango mama abebe kadi zote mbili, pamoja na kile kipakiti cha vidonge chenye maandishi ya mfamasia.