Gitaa la Mwenda lilivuka mipaka, jina lake likakwama njiani

RUBONA, Rubavu. Jioni ziwa linapotulia, mitumbwi ya Rubona huondoka ufukweni mitatu mitatu, ikiwa imeunganishwa kwa miti mirefu, nyavu na taa zikiwa tayari. Wavuvi huimba kwa kupokezana ili makasia yaende pamoja. Asubuhi hurudi na sambaza, na kabla jua halijawa kali wachuuzi wanakuwa wameshawapima na kuwapeleka Gisenyi na Goma.

Leo sambaza ni samaki wa Kivu na hakuna anayehoji uraia wao. Hata hivyo, ni wageni. Ni dagaa waliotolewa Ziwa Tanganyika na kupandikizwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950. Wamezoeleka mno hata wanaoishi kwa kuwauza wengi hawajui walikotoka.

Katika miaka hiyohiyo, mzigo mwingine ulikuwa ukivuka mipaka ya ukanda huu, nao haukuhitaji mtumbwi wala lori. Ulikuwa ni namna ya kupiga gitaa. Ulitoka Katanga, ukaingia Nairobi, ukasambaa hadi vijijini magharibi mwa Kenya, na wapigaji wengi walioupokea waliufanya wao. Mwenye mzigo aliitwa Mwenda Jean Bosco, na sasa wanaolitaja jina lake ni wachache kuliko wanaotumia alichowaachia.

Kati ya Rubona na Katanga kuna safari ndefu, lakini njia hiyo si ngeni kwa watu wa hapa. Katika miaka ya 1920 kampuni ya Union Minière iliajiri vibarua kutoka Rwanda na Burundi kwenda kwenye migodi ya shaba ya Katanga. Huko walichanganyika na watu wa Kasai, wa Luapula na wa kwingineko, na lugha iliyowaunganisha kambini ikawa Kiswahili. Mwenda aliimba kwa Kiswahili hicho. Ndiyo sababu mchuuzi wa Gisenyi, wa Goma au wa Kigoma anaweza kumsikiliza leo bila mkalimani, hata kama neno moja moja litamfanya atabasamu.

Mtoto wa mji wa misafara

Mwenda alizaliwa mwaka 1930 huko Bunkeya, mji ambao wafanyabiashara wa mpakani wana haki ya kuudai kama wao. Bunkeya ulikuwa makao makuu ya Msiri, mfanyabiashara kutoka Unyamwezi, Tanzania ya leo, aliyefika Katanga katika karne ya 19 kutafuta pembe za ndovu na shaba. Msiri hakurudi nyumbani. Alijenga dola yake huko, watu wake wakaitwa Bayeke, na misafara ya kutoka pwani zote mbili za Afrika ikawa inafika mjini kwake, hadi alipouawa Desemba 1891 na msafara uliotumwa kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji.

Kijana huyo wa Kiyeke alikulia katika ulimwengu mwingine. Karibu na Bunkeya ulikuwapo mji wa migodi wa Jadotville, ambao sasa ni Likasi. Huko kulikuwa na reli, mishahara, baa, sinema za wachunga ng'ombe wa Marekani na santuri za muziki wa Kuba. Mwenda alivisikia vyote, akavitia kwenye gitaa moja kavu, lile lisilotumia umeme.

Mwaka 1952 alifika Jadotville Hugh Tracey, mtafiti aliyezunguka nchi nyingi za Afrika akirekodi muziki wa wenyeji. Alimrekodi Mwenda, kijana wa miaka 22. Kati ya nyimbo za siku zile ulikuwamo "Masanga", wimbo ambao hadi leo wapigaji gitaa wa mabara mbalimbali hujipima nao. Rekodi hizo zilitolewa kwa nembo ya Gallotone ya kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini.

Kampuni hiyo ilitengeneza pia magitaa ya bei nafuu kwa nembo hiyohiyo, yakauzwa mbali. Tanzania jina hilo liligeuka kuwa neno la kawaida, na wakongwe bado huliita gitaa kavu "galatoni". Galatoni moja ilifika hadi Uingereza, mikononi mwa kijana aliyeitwa John Lennon. Ndiyo aliyokuwa akiipiga mwaka 1957, kabla kundi la Beatles halijakuwapo.

Vidole viwili, kazi ya watu watatu

Anayemsikia Mwenda kwa mara ya kwanza hudhani anasikia magitaa mawili. Kumbe ni moja, na mkono wa kulia unafanya kazi kwa vidole viwili tu. Dole gumba linapiga nyuzi nene, likitembea kama mtu mwenye mzigo kichwani ambaye hawezi kubadili mwendo ovyo. Kidole cha shahada kinacheza kwenye nyuzi nyembamba, kinapanda, kinashuka, kinajibu alichosema mwimbaji, kisha kinaanzisha neno jipya kabla sauti haijamaliza.

Ugumu uko katika mahesabu. Mara nyingi kidole kimoja kinahesabu kwa mbili na kingine kwa tatu, na vyote vinatakiwa kufika mwisho kwa pamoja. Aliyekulia karibu na ngoma za Kiafrika analielewa jambo hilo mwilini, hata kama hawezi kulieleza. Aliyefundishwa kwa kusoma noti hulihangaikia. Mapema miaka ya 1960, David Rycroft, mtaalamu wa Chuo Kikuu cha London, aliandika makala ndefu akiuchambua upigaji wa Mwenda noti kwa noti. Alionyesha kwamba ubeti mmoja haurudiwi ulivyokuwa. Kila unapozunguka, Mwenda anaongeza kitu, anapunguza kitu, bila kupoteza njia.

Jambo la pili ni usafi wa sauti. Hakuna uzi unaofunika mwenzake. Katika rekodi za gitaa moja, mtu mmoja anashika besi, mdundo na sauti ya juu, kazi ambazo kwenye bendi hugawanywa kwa watu watatu, na bado anaimba.

Nairobi yampokea

Mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, Mwenda alikaa Nairobi kwa muda. Ziara yake ilikuwa ya kibiashara kama safari nyingi za watu wanaovuka mipaka. Alitangaza dawa ya Aspro na alikuwa na kipindi chake redioni. Jamaa yake, Edouard Masengo, mpigaji mwingine wa Katanga aliyetokea kundi la Jecoke la Lubumbashi, naye alikwenda Nairobi na kutangaza soda ya Coca-Cola, akakaa muda mrefu zaidi.

Redio ilifika mahali ambapo gari halikufika. Magharibi mwa Kenya tayari kulikuwa na vijana waliopiga gitaa kavu kwa dole gumba na kidole cha shahada, huku mwenzao akikwaruza chupa ya Fanta kutunza mdundo. Walikuwa na ngoma zao na ladha yao. Santuri na matangazo ya Wakatanga yakawapa kipimo kipya cha nini gitaa moja linaweza kufanya. Kizazi cha kina George Mukabi na John Mwale ndicho kilichoutia muziki huo ladha ya Kenya, na nyimbo zao zikauzwa kote Afrika Mashariki.

Biashara nzuri ndivyo inavyokwenda. Bidhaa inafika, fundi wa mahali anaiongezea thamani, inauzwa tena ikiwa mpya. Hakuna aliyeiba. Tatizo lilikuwa kwamba mzigo ulivuka bila karatasi. Leo mchuuzi mdogo akipita mpakani na bidhaa zilizotengenezwa ndani ya jumuiya, cheti kilichorahisishwa cha uasilia wa bidhaa humsaidia kuepuka ushuru wa forodha. Mtindo wa gitaa hauna cheti cha namna hiyo. Wanamuziki wengi wa enzi ile walipewa malipo ya mara moja studio, santuri ikaenda, nao wakarudi kwenye kazi nyingine.

Kwa nini alifunikwa

Sababu ya kwanza ni Kinshasa. Studio kubwa zilikuwa huko, redio yenye nguvu ilikuwa huko, na rumba ya magitaa ya umeme ilipolipuka, kina Franco na Dokta Nico walijaza kumbi kwa bendi nzima na kwa Kilingala. Mtu mmoja na gitaa kavu, anayeimba Kiswahili kutoka pembe ya kusini ya nchi, alionekana wa kizamani kabla hajafika umri wa kuzeeka.

Sababu ya pili ni jina lenyewe. Kwenye santuri za zamani anaandikwa Mwenda Jean Bosco, kwingine Jean Bosco Mwenda. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Rais Mobutu alipowaamuru Wazaire waache majina ya Kizungu, akawa Mwenda wa Bayeke. Mtu mmoja akawa na lebo tatu. Kila mwenye duka anajua kinachotokea bidhaa moja ikiwekwa kwenye rafu tatu kwa majina matatu. Mteja hudhani ni tatu tofauti, na hesabu ya mauzo haikamiliki.

Sifa za mbali alizipata. Mwaka 1969 alipiga katika tamasha la Newport nchini Marekani. Miaka kumi baadaye, mpigaji gitaa Mwingereza, John Low, alisafiri hadi Lubumbashi kujifunza kwake, kwa Masengo na kwa Losta Abelo, kisha akachapisha kitabu kuhusu safari hiyo. Mwaka 1988 Mwenda alirekodi tena huko Cape Town. Alifariki katika ajali ya gari mwaka 1990. Rekodi za Tracey zimehifadhiwa katika maktaba ya muziki ya Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini.

Kwa hiyo anayetaka kumsoma Mwenda kwa kina analazimika kutafuta London, Vienna au Afrika Kusini, wakati lugha yake inazungumzwa kila siku kwenye mialo ya Kivu. Rwanda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2017, na Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Viongozi wanapotafuta mfano wa utangamano, huu hapa: mtoto wa mji uliojengwa na Mnyamwezi, aliyerekodiwa na kampuni ya Afrika Kusini, akasikika kupitia redio ya Kenya, kwa Kiswahili cha Kongo. Alivifanya hivyo kabla mkataba wowote wa jumuiya haujatiwa saini.

Nyimbo za zamani zinazouzwa masokoni kwenye fleshi na kadi za simu mara nyingi huja na namba badala ya majina. Anayezinakili anaweza kuandika jina la mpigaji kwa dakika moja, na kazi hiyo haina gharama. Kwa msomaji anayetaka kuanza, atafute majina yote matatu, kisha achague "Masanga" ya mwaka 1952. Asikilize mara ya kwanza akifuata dole gumba peke yake, mara ya pili akifuata kidole cha shahada. Mara ya tatu aviache viende pamoja.