Masizi Yanayoing'oa Nikeli

Je, wajua kwamba metali inayotengenezea hidrojeni ndiyo hiyo hiyo inayojiotesha masizi ya kujiua?

Japani kuna nyumba zenye mtambo wa Ene-Farm, ulioanza kuuzwa mwaka 2009. Huingia gesi, hutoka umeme na maji ya moto. Ndani yake mna seli ya fueli, inayounganisha hidrojeni na oksijeni bila kuwasha moto. Lakini bombani hupita methani, wala si hidrojeni. Methani hiyo lazima kwanza ichanganywe na mvuke na kupitishwa kwenye kichocheo chenye joto kali. Kwenye viwanda vikubwa kichocheo hicho huwa nikeli.

Nikeli ni hodari wa kuinyang'anya methani hidrojeni yake. Kaboni inayobaki isipowahiwa na oksijeni ya mvuke, huzama ndani ya chembe ya nikeli, kisha huchomoza upande wa pili ikiwa uzi. Uzi ukirefuka huing'oa chembe pale ilipobandikwa na kuibeba juu, kama kichwa cha njiti ya kibiriti. Huo ndio ubaya wa masizi haya. Hayaishii kupaka weusi tu: hupasua vipande vya kichocheo na kuziba njia ya gesi.

Mwaka 2004 watafiti wa Haldor Topsøe, nchini Denmark, walichapisha picha za hadubini ya elektroni zinazoonyesha uzi ukiota. Chembe ya nikeli inavutika, inarefuka, mara inajikunyata na kuwa duara, halafu inaanza tena. Kaboni ilikuwa ikijipanga kwenye vingazi vya atomu vilivyo usoni mwa nikeli.

Wadenmark walikuwa wamekwisha kuonyesha dawa mojawapo mwaka 1998: dhahabu kidogo sana. Haichanganyiki na nikeli hadi ndani, hubaki usoni. Walipochakata gesi ya butani, nikeli tupu ilichoka upesi; yenye dhahabu iliendelea na kazi.

Hata hivyo, kinga inayotegemewa zaidi ni mvuke wenyewe, kwa kawaida molekuli mbili na nusu hadi tatu za maji kwa kila atomu ya kaboni. Kuchemsha maji yote hayo hula nishati. Ndiyo maana baadhi ya seli za joto kali hurudisha mwanzoni sehemu ya gesi iliyokwisha kutumika, kwa kuwa imejaa mvuke uliozaliwa ndani ya seli zenyewe.