Dawa za kuzuia damu kuganda: kwa nini mgonjwa wa moyo asiziache wala asiziongeze mwenyewe

Mgonjwa aliyeandikiwa dawa ya kuzuia damu kuganda hukabiliwa na hofu mbili kwa wakati mmoja. Akiiacha dawa, anaweza kupata kiharusi. Akiitumia, anaweza kutokwa na damu nyingi. Hofu ya pili ndiyo inayoonekana kwa macho: ufizi hutoa damu wakati wa kupiga mswaki, na mwili huvilia damu kwa kujigonga kidogo tu. Kwa sababu hiyo wapo wanaoacha dawa kimyakimya, na baadaye hurejeshwa hospitalini wakiwa wamepooza upande mmoja wa mwili.

Kwa wakazi wa Gisenyi, wilayani Rubavu, ambao wengi wao wana jamaa na shughuli mjini Goma, ng'ambo ya mpaka, suala hili lina uzito wa pekee. Dawa hizi zinahitaji kipimo cha mara kwa mara na mkono mmoja unaozisimamia.

Moyo unapopoteza mpangilio

Katika maradhi ambayo madaktari huyaita fibrilesheni ya atria, vyumba viwili vya juu vya moyo hutetemeka badala ya kusukuma damu kwa mpangilio. Mgonjwa huhisi moyo ukienda mbio, huchoka upesi na kukosa pumzi. Wengine hawahisi chochote. Damu inayotuama katika vyumba hivyo huweza kuganda, na bonge likichomoka huchukuliwa na mkondo wa damu hadi kwenye ubongo na kuziba mshipa. Maradhi haya huongeza hatari ya kiharusi takriban mara 5.

Katika nchi tajiri, wengi wa wagonjwa hawa ni wazee. Afrika Mashariki wapo pia vijana, wengi wao wanawake, ambao vali za moyo wao ziliharibiwa na homa ya rumatiki. Homa hiyo hufuata maumivu ya koo ya utotoni yaliyosababishwa na bakteria na ambayo hayakutibiwa. Vali ya mitrali ya upande wa kushoto ikibana, damu hutuama zaidi na hatari ya kuganda huzidi. Baadhi yao wamefanyiwa upasuaji na kuwekewa vali ya chuma, nao hulazimika kutumia dawa maisha yao yote.

Faida na hatari kwa hesabu

Dawa kongwe kati ya hizi ni warfarini. Ilitokana na uchunguzi uliofanywa Wisconsin, Marekani, kuhusu ng'ombe waliokufa kwa kutokwa na damu baada ya kula majani makavu yaliyooza. Mwaka 1948 ilianza kuuzwa kama sumu ya panya, na mwaka 1954 ikaruhusiwa kutumiwa na binadamu. Habari hiyo huwatisha wengi, lakini tofauti ya sumu na tiba hapa ni kiasi kinachotumiwa, na kiasi hicho hupimwa.

Uchambuzi wa majaribio matano uliochapishwa mwaka 1994 ulionyesha kuwa, kati ya wagonjwa 100 wasiotumia dawa, 4 hadi 5 walipata kiharusi kila mwaka. Kwa waliotumia warfarini, idadi ilishuka hadi kati ya 1 na 2. Katika majaribio makubwa ya baadaye, takriban wagonjwa 3 kati ya 100 waliotumia warfarini walitokwa na damu kwa kiwango kikubwa kila mwaka. Damu inayovuja ndani ya kichwa, ambayo ndiyo inayoogopwa kuliko zote, ilimpata chini ya mgonjwa 1 kati ya 100 kwa mwaka. Damu ikivuja katika ubongo, hicho nacho ni kiharusi. Ndiyo maana mwenye shinikizo la juu la damu hana budi kulidhibiti, kwani huongeza hatari zote mbili.

Kipimo kinachoamua

Warfarini husimamiwa kwa kipimo cha damu kiitwacho INR. Kwa mtu asiyetumia dawa, kipimo hiki huwa karibu na 1. Kwa wagonjwa wengi wa fibrilesheni, lengo ni kati ya 2 na 3. Wenye vali ya chuma mara nyingi huwekewa lengo la juu zaidi. Kikishuka chini ya 2, kinga dhidi ya kiharusi hudhoofika. Kikipanda juu ya 4, hatari ya kutokwa na damu huongezeka kwa kasi.

Kwa hiyo mgonjwa asiyeweza kupimwa hajui yuko upande gani. Kuanzia mwaka 2006, Rwanda ilianza kuwafunza wauguzi wa hospitali za wilaya, kwanza mashariki mwa nchi, kuendesha kliniki za magonjwa yasiyoambukiza, yakiwemo ya moyo, ili mgonjwa asilazimike kufunga safari hadi Kigali kila mara.

Je, dawa mpya ni bora kwa kila mtu?

Dawa mpya zaidi, kama vile dabigatrani, rivaroksabani na apiksabani, hazihitaji kipimo cha INR, na huvujisha damu kichwani mara chache kuliko warfarini. Kwa wagonjwa wengi ni chaguo zuri. Hata hivyo, hazimfai kila mtu.

Mwaka 2022 yalitangazwa matokeo ya utafiti uitwao INVICTUS, uliowahusisha zaidi ya wagonjwa 4,500 wa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, wote wakiwa na fibrilesheni iliyotokana na homa ya rumatiki. Nusu yao walipewa rivaroksabani na nusu nyingine dawa za jamii ya warfarini. Waliopata kiharusi, madhara mengine ya mishipa au kifo kilichohusiana nayo walikuwa 560 katika kundi la kwanza na 446 katika kundi la pili, na dawa kongwe haikuonekana kuvujisha damu zaidi. Kwa wenye vali ya chuma, jaribio la dabigatrani lilisimamishwa kabla ya wakati kwa sababu ya mabonge ya damu na kutokwa na damu. Mgonjwa mwenye vali iliyobana sana au ya chuma asibadilishiwe dawa dukani kwa kuambiwa tu kwamba ni ya kisasa. Aspirini nayo haichukui nafasi ya dawa hizi.

Jikoni, dukani na katika ibada

Sombe, dodo na kabichi zina vitamini K, ambayo hupunguza nguvu ya warfarini. Mboga hizo hazijakatazwa. Linalotakiwa ni kuzila kwa kiasi kisichobadilika sana wiki hadi wiki. Pombe nyingi huvuruga kipimo. Metronidazoli na kotrimoksazoli hukipandisha, ilhali rifampisini, inayotibu kifua kikuu, hukishusha. Ibuprofeni huongeza hatari ya tumbo kuvuja damu. Miti shamba pia itajwe kwa daktari, na mtaalamu wa hijama au wa meno aambiwe kabla hajaanza kazi yake.

Anayefunga Ramadhani azungumze na daktari mapema. Warfarini hutumiwa mara moja kwa siku, aghalabu jioni, hivyo huweza kupangwa baada ya kufuturu. Mwanamke anayetarajia kushika mimba naye amwone daktari mapema, kwa kuwa warfarini huweza kumdhuru mtoto tumboni.

Anayenunua vidonge upande wa pili wa mpaka asivitambue kwa rangi. Rangi ya kidonge cha miligramu 5 hutofautiana kati ya nchi na nchi, na kati ya kiwanda na kiwanda. Asome miligramu zilizoandikwa, azilinganishe na cheti chake. Aliyesahau dozi asimeze mbili siku inayofuata.

Dalili zisizongoja kesho

Kinyesi cheusi kama lami, mkojo mwekundu, hedhi nzito kupita kawaida, au damu ya pua isiyokoma humtaka mgonjwa aende hospitali siku hiyohiyo. Maumivu makali ya kichwa ya ghafla, au kuanguka na kugonga kichwa, ni dharura hata kama hakuna jeraha. Uso ukipinda, mkono ukikosa nguvu au maneno yakivurugika, ipigwe simu ya gari la wagonjwa nambari 912, saa ya kuanza kwa dalili ikumbukwe, na wahudumu waambiwe jina la dawa anayotumia mgonjwa. Kwa ajili hiyo, karatasi yenye jina la dawa, dozi na INR ya mwisho ikae pamoja na kitambulisho chake, na mtu mmoja nyumbani ajue ilipo.