Petroli Haina Kazi Ndani ya Jiko la Mafuta ya Taa

Swali ni lile lile, na mara nyingi huulizwa kwa sauti ya chini, kama siri ya biashara: "Fundi, jiko langu moto umelegea. Nikitia petroli, nitie kiasi gani?" Nimeulizwa na mama karanga wa Gazi mwenye karai la samaki linalomngoja, na wavuvi wa Shimoni ambao bado wana karabai. Wiki hii nimeulizwa na kijana anayeuza viazi karai kando ya barabara ya Diani, aliyesikia kwamba kimetoka kichwa kipya cha jiko la pampu "kinachokula mafuta yoyote". Kila mmoja anataka kipimo. Kifuniko cha soda? Kikombe cha kahawa? Robo kwa lita?

Hakuna kipimo. Usitie hata tone. Na kwa kuwa jibu hilo peke yake halimridhishi mtu aliyeona kwa macho yake moto ukipanda baada ya kutia petroli, leo nitaeleza alichokiona.

Mafuta ya taa hayawaki yakiwa majimaji. Kinachowaka ni mvuke wake. Jiko la pampu, lile ambalo Frans Lindqvist wa Sweden alilianza mwaka 1892 na dunia ikalijua kwa jina la Primus, linageuza mafuta kuwa mvuke bila utambi. Hewa ya pampu inasukuma mafuta yapande kwenye kichwa cha shaba. Kichwa kimepashwa moto, kwa hiyo mafuta yanachemka humo ndani na kugeuka mvuke. Mvuke unatoka kwa kasi kwenye kitundu chenye upana wa kama theluthi moja ya milimita, unavuta hewa njiani, na vikichanganyika sawasawa unapata moto wa buluu unaovuma.

Tatizo lipo hapo kwenye kuchemka. Mafuta ya taa huanza kuchemka kwenye nyuzijoto 150 hivi na hayamaliziki kuwa mvuke mpaka karibu 300. Kichwa kikiwa hakijapashwa vya kutosha, au kitundu kikiwa kimeziba nusu, au ngozi ya pampu ikiwa imekauka na haisukumi, yanayotoka ni matone. Matone huwaka njano, hupiga moshi, na chini ya sufuria unapata masizi.

Sasa mwenye jiko anatia petroli. Petroli huanza kutoa mvuke mapema mno, na sehemu zake nyepesi huchemka hata chini ya nyuzi 40. Inageuka mvuke hata ndani ya kichwa kilichopoa, hata kikiwa na uchafu. Moto unapanda, unakuwa mkali, na mtu anaapa kwamba dawa imefanya kazi. Dawa haikufanya kazi. Kitundu bado kimeziba na ngozi bado imekauka, ila petroli imeuficha ugonjwa kwa muda. Na wanaosema petroli "ina nguvu zaidi" wamekosea kabisa: lita moja ya petroli ina joto pungufu kidogo kuliko lita moja ya mafuta ya taa. Umelipa zaidi, ukapata joto pungufu.

Laiti hasara ingekuwa ya shilingi tu, nisingeandika. Hatari haiko kwenye moto unaouona. Iko ndani ya tangi, katika ile nafasi tupu iliyo juu ya mafuta, na hapo ndipo watu hawafikirii.

Mvuke hauwaki mpaka uwe umechanganyika na hewa kwa kiasi maalumu. Kwa petroli, mchanganyiko unaowaka ni ule ambao mvuke wake ni kama asilimia 1.4 hadi 7.6 ya hewa yote. Chini ya hapo mvuke ni haba, haushiki. Juu ya hapo umezidi, na hewa haitoshi. Tazama basi matangi matatu. Tangi la mafuta ya taa safi, katika joto letu la pwani la nyuzi 30, lina mvuke haba mno: hata cheche ikiingia, haishiki. Ndiyo maana kiwango cha ubora kinataka mvuke wa mafuta ya taa usishike moto kabla ya mafuta kufika nyuzi 38. Tangi la petroli tupu lina mvuke uliopita kiasi: mlipuko hutokea nje, pale mvuke unapovuja na kukutana na hewa. Lakini tangi la mafuta ya taa lenye petroli "kidogo tu", kile kifuniko cha soda kinachosifiwa, ndilo linaloweza kuingia katikati kabisa, mahali pale pale mvuke na hewa vinapolingana kwa kulipuka. Watu wanadhani kidogo ni salama na kingi ni hatari. Ndani ya tangi la jiko, kidogo ndicho kinachotengeneza bomu.

Jiko la tambi, hili la bei nafuu lililo katika vyumba vingi vya kupanga Ukunda, ni baya zaidi kwa habari hii. Tangi lake halikufungwa kwa shinikizo. Tambi zimepita kwenye mirija, na utambi ukiwa mwembamba kuliko mrija wake, au umekatika ukawa mfupi, pamebaki njia ya wazi kutoka kwenye moto hadi kwenye mvuke ulio chini. Kwa mafuta ya taa safi njia hiyo hukaa miaka bila madhara. Kwa mafuta yaliyoguswa na petroli, mwali unaweza kushuka kwenye njia hiyo kwa sekunde moja, mama akiwa amepiga magoti mbele ya jiko na mtoto mgongoni.

Haya si maneno ya kutisha watu. Mwaka 1988 madaktari wa Lagos waliandika katika jarida la kitabibu la Burns juu ya wimbi la majeruhi lililowafikia kutokana na milipuko ya vyombo vya mafuta ya taa. Hao walikuwa watu wa kawaida, wanapika na kuwasha taa kama kila siku.

Kuna hoja moja ambayo vijana wa ufukweni huniletea, nao wana haki ya kujibiwa. Wanasema wamemwona mtalii amepiga kambi Shimba Hills akipika kwa petroli, na jiko lake halikulipuka. Ni kweli, yapo majiko yaliyobuniwa kwa petroli. Litazameni vizuri lile la mtalii, basi. Chupa ya mafuta iko mbali na moto, imeunganishwa kwa mrija. Na baadhi ya majiko ya MSR, ambayo wasafiri wengi huyabeba, huja na vitundu tofauti: kimoja cha petroli, kingine chembamba zaidi cha mafuta ya taa, na mtumiaji hubadilisha kabla ya kuwasha. Aliyebuni chombo kile alijua tofauti ya mafuta hayo mawili na akaitengenezea nafasi. Jiko lenu lina tangi chini ya moto, sentimita chache tu, na kitundu kimoja.

Tena si wote wanaochanganya kwa kukusudia. Pwani yetu ya kusini ina mashine za mashua, ina bodaboda, na petroli inauzwa kwa chupa kila kituo. Kidumu cha njano kilichopeleka petroli ya mashine Msambweni asubuhi kinaoshwa kwa maji, na jioni kinatumwa kununua mafuta ya taa. Maji hayaondoi petroli. Masalio ya chini ya kidumu, yakimiminiwa juu yake nusu lita ya mafuta ya taa, yanatosha kuharibu yote. Wala usitegemee pua yako: mafuta ya taa yenyewe yana harufu kali inayoficha petroli ikiwa ni kidogo. Kipimo cha kudondosha tone kwenye karatasi na kuangalia kama linakauka kinafaa kutambua petroli tupu. Hakifai kutambua mchanganyiko.

Niseme neno moja juu ya bei, kwa sababu ndiyo inayowasukuma watu kwenye majaribio. Uchakachuaji uliopigwa vita sana nchini Kenya ni wa upande wa pili, yaani mafuta ya taa kutiwa kwenye dizeli, na ndiyo sababu mwaka 2018 serikali iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa. Lori lilikosa, jiko likaadhibiwa. Naona ulikuwa uamuzi mbaya, na aliyebeba mzigo ni yule anayenunua mafuta kwa chupa ya nusu lita.

Nirudi kwa kijana wa viazi na kichwa chake kipya. Ndiyo, vichwa bora vipo, na ubora wake uko kwenye umbo. Kichwa kizuri hurefusha njia ya mafuta ndani ya joto ili yawe mvuke kamili kabla ya kufika kwenye kitundu. Kina sindano yake ndani, ukizungusha inapenya kitundu na kukisafisha bila kuzima jiko. Kina bamba la kukinga tangi lisipate joto, au bora zaidi, tangi limewekwa kando. Mwenye kununua aangalie mambo hayo, asiangalie rangi wala jina.

Mfano mzuri kuliko yote kwa watu wa Kwale ni jiko la Protos. Kampuni ya BSH ya Ujerumani na Chuo Kikuu cha Hohenheim walilibuni lichome mafuta ya mimea, na mwaka 2004 likajaribiwa Leyte, Ufilipino, kisiwa cha minazi kama huku kwetu, likipikia kwa mafuta ya nazi. Mafuta ya mimea hayashiki moto mpaka yapite nyuzi 200, kwa hiyo jiko likipinduka hayalipuki. Hapo usalama umepatikana kwa kwenda upande wa mafuta mazito, kinyume kabisa cha petroli. Lakini mafuta hayo hayageuki mvuke kwa urahisi. Lazima kichwa kipashwe kwa spiriti muda mrefu zaidi, na huacha makaa magumu ndani ya bomba, ambayo yasipokwanguliwa mara kwa mara huziba kila kitu. Mafuta ya nazi pia huganda chini ya nyuzi 24 hivi, na usiku wa kusi mwezi wa Julai hata sisi hufika huko. Kwa hiyo tafadhali, msimimine mafuta ya nazi, wala mafuta yaliyokwisha kukaangia ya hoteli za Diani, kwenye jiko la kawaida la pampu mkidhani ni Protos. Hayatalipuka, lakini kichwa kitakuwa kimekufa.

Njia ya pili ya kuachana na mafuta ya taa ni spiriti ya miwa, na ardhi ya Ramisi ilijulikana kwa miwa tangu enzi za kiwanda cha zamani kilichofungwa mwaka 1988. Taasisi ya NARI huko Phaltan, India, ilibuni jiko linalochoma spiriti yenye maji karibu nusu. Spiriti haina masizi. Ila lita yake, hata isiyo na maji, ina kama asilimia 60 tu ya joto la lita ya mafuta ya taa, mwali wake hauonekani vizuri mchana, na mvuke wake katika joto letu unawaka bila kusita. Nunua jiko lenye mkebe uliojazwa nyuzi zinazonyonya mafuta, na usiongeze kamwe likiwa linawaka.

Mwenye jiko la pampu lililolegea afanye hivi: azime, lipoe, afungue hewa ya tangi. Atoboe kitundu kwa sindano yake, asitumie pini wala waya wa baiskeli, kwa sababu kitundu kikipanuka hakirudi. Ngozi ya pampu ailainishe kwa mafuta au abadilishe. Achuje mafuta kwa kitambaa safi. Apashe kichwa kwa spiriti mpaka iishe yenyewe, ndipo apige pampu. Wa jiko la tambi abadilishe tambi zote kwa pamoja, zijae kwenye mirija. Wavuvi wahamie taa za LED za betri. Na anayeweza kununua gesi anunue, kwa sababu Shirika la Afya Duniani tangu 2014 linashauri mafuta ya taa yasitumike majumbani kabisa, hata yakiwa safi, kwa ajili ya moshi wake.

Moto ukitokea, tumia mchanga au blanketi zito lililoloweshwa, usimwage maji juu ya mafuta. Aliyeungua amwagiwe maji safi ya kawaida kwa dakika 20, asipakwe dawa ya meno wala majivu, apelekwe hospitali.

Na kama tayari umechanganya na umesoma mpaka hapa, usiyamalizie "kwa kuwa yameshanunuliwa". Yatoe jikoni leo, uyatie kwenye chombo cha chuma chenye kifuniko, umpe makanika aoshee vyuma nje, mbali na moto. Kidumu kilichobeba petroli kipake rangi nyekundu, na kisitumwe tena kununua mafuta ya taa.