Gofu ya vilima na upepo wa bahari: Raundi moja inachezwaje?

Kyela inajulikana kwa mchele, kakao na mvua isiyo na adabu. Gofu haimo kwenye orodha hiyo. Lakini nenda Matema uangalie: Milima ya Livingstone upande mmoja, Ziwa Nyasa upande wa pili. Mteremko na upepo wa majini, vitu viwili ambavyo wacheza gofu wanapanda ndege kwenda kuvitafuta.

Uwanja wa namna hiyo kwenye ukanda wetu, ambao umeshapokea wachezaji wa kimataifa, ni Vipingo Ridge, Kaunti ya Kilifi, kaskazini mwa Mombasa. Uko juu ya mwinuko unaotazama Bahari ya Hindi, kwenye ardhi iliyokuwa ya mkonge. Hapo ndipo yalipoanzia mashindano ya Magical Kenya Ladies Open, Desemba 2019. Mjerumani Esther Henseleit alishinda, akarudi kushinda tena 2022. Aditi Ashok wa India akabeba 2023, Shannon Tan wa Singapore akabeba 2024. Kama jina la Henseleit unalikumbuka, ndiye huyo huyo aliyechukua medali ya fedha Olimpiki ya Paris 2024.

Sasa, ukifika uwanja kama huo unafanya nini?

Kwanza, hesabu zenyewe

Raundi kamili ni mashimo 18. Kila shimo lina kipimo kinachoitwa pa, yaani idadi ya mikwaju ambayo mchezaji mzuri anatarajiwa kutumia: 3, 4 au 5. Ukijumlisha yote, viwanja vingi vinafika 72. Anayemaliza na mikwaju michache ndiye mshindi. Unaruhusiwa kubeba fimbo 14 tu, na mpira ukipotea una dakika 3 za kuutafuta. Zikipita, unaongezewa mkwaju mmoja na unarudi kupiga pale ulipopigia mwanzo. Inauma, hasa kama mpira umezama kwenye kichaka bondeni.

Ukitembea kwa miguu, raundi inachukua kama saa 4 hadi 5 na unaweza kupita kilomita 8. Kwenye vilima na jua la pwani hiyo siyo matembezi ya jioni. Beba maji ya kutosha.

Mita 140 ambazo siyo mita 140

Hapa ndipo utamu ulipo, na ndipo wengi wanapoharibu.

Tuseme bendera ya shimo iko mita 140 kutoka ulipo. Kwenye uwanja tambarare usio na upepo, unachukua fimbo yako ya mita 140, unapiga, basi. Kwenye kilima, wachezaji hutumia hesabu rahisi: kila mita moja ya kupanda, ongeza mita moja. Kama bendera iko juu yako kwa mita 9, cheza kama ni 149.

Bado upepo. Ukiwa unakupiga usoni kwa kasi ya kilomita 16 hivi kwa saa, toa kama asilimia 10 ya umbali wa mpira. Hiyo ni mita 14 nyingine. Umefika 163.

Geuza sasa. Umbali ni uleule, ila unashuka mita 9 na upepo uko mgongoni. Upepo wa nyuma hausaidii kama ule wa mbele unavyoumiza. Hesabu nusu yake, mita 7. Unabaki na 124.

Yaani mita 140 zilezile zinaweza kuwa 163 au 124. Tofauti ya karibu mita 40! Kwa mchezaji wa kawaida hizo ni fimbo tatu au nne. Kijana mwenye misuli anayepiga kwa nguvu zake zote bila kuangalia majani yanaelekea wapi, atapigwa na mzee wa miaka 60 aliyetulia.

Na upepo wenyewe una misimu. Pwani ya Kenya na Tanzania, kaskazi inavuma kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Machi, halafu kusi inashika kuanzia Aprili. Shimo lililokuwa rahisi Februari linaweza kukutoa jasho Julai, na hakuna aliyegusa hata jani. Wavuvi wa Matema hawahitaji kuelezwa hili. Upepo wa kusi, ambao upande wa Malawi unaitwa mwera, unasafiri juu ya ziwa lenye urefu wa zaidi ya kilomita 500 kabla ya kumwaga mawimbi kwenye ncha yetu ya kaskazini. Anayejua asubuhi kama mtumbwi utoke au ubaki, tayari ana nusu ya elimu ya gofu ya pwani.

Miguu isiyo sawa

Nusu nyingine anayo mkulima wa Rungwe. Aliyewahi kulima kwenye mteremko anajua jembe haliingii kama kwenye tambarare. Gofu ni hivyo hivyo. Kwa anayetumia mkono wa kulia, mpira ukiwa juu ya usawa wa miguu yako utaelekea kushoto. Ukiwa chini ya miguu, utakwenda kulia. Ukipiga kuelekea juu unapaa sana na kukosa umbali, kuelekea chini unaruka kwa kunyata. Unachofanya ni kuyalaza mabega yafuate mteremko, kupunguza nguvu, na kulenga pembeni kidogo.

Ukifika kwenye grini, yaani eneo la majani mafupi kabisa lenye shimo, bado kuna mtego. Viwanja vingi vya nchi za joto hutumia majani ya jamii ya ukoka, huu huu unaotambaa kwenye nyua zetu. Ukoka hulala upande. Mpira ukienda na mlalo wa majani unateleza, ukienda kinyume unagoma njiani.

Nani anakwambia yote haya?

Kedi. Wengi wanadhani kazi yake ni kubeba mfuko tu. Lakini sheria zinakataza kuomba ushauri wa fimbo au mkwaju kwa mpinzani wako. Ukifanya hivyo kwenye mashindano ya kuhesabu mikwaju, adhabu ni mikwaju miwili. Kedi wako unaruhusiwa kumuuliza. Yeye ndiye anayejua kuwa upepo wa juu ya minazi ni tofauti na huu unaokupuliza usoni.

Ndiyo maana kwenye klabu za Tanzania na Kenya wapo wachezaji wa kulipwa walioanza kama kedi. Fimbo ni ghali, uanachama ni ghali. Kubeba mfuko ndio mlango wa mtoto asiye na mzazi mwenye kadi ya klabu.

Je, Matema inaweza kuwa na uwanja?

Picha zingekuwa kali sana, hilo halina ubishi. Lakini mashimo 18 yanahitaji kama ekari 120 hadi 170, na kati ya mlima na ziwa ardhi ni finyu. Kwenye tambarare nafasi ipo, ila kuna mpunga wa watu. Sheria ya Mazingira ya 2004 pia inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, yaani pale pale ambapo mchoraji wa uwanja angetaka kuweka shimo lake zuri.

Halafu kuna mbolea. Majani ya gofu yanalishwa, na Kyela inapata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Kinachowekwa kwenye majani Machi kinaweza kuishia ziwani kwenye usipa. Binafsi naona uwanja mkubwa pale ni wazo baya. Kiwanja kidogo cha mazoezi karibu na shule, mbali na maji, chenye fimbo za mitumba na mwalimu mmoja, hicho kingeeleweka.

Kwa sasa, mtu wa Kyela anayetaka kuonja gofu ya vilima aangalie Mufindi, mkoani Iringa, kwenye uwanja uliozungukwa na mashamba ya chai. Ziwa hakuna, ila miteremko ipo. Na abebe sweta.