Kutibu Pumu kwa Mnanaha: Sifa za Mmea na Hukumu Yake

SUALI: Sisi tuko Pemba. Mwanangu anafanya biashara ya dagaa Mbamba Bay, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, na mjukuu wangu wa miaka sita ana pumu. Jirani yao ameteremka na majani makavu kutoka milima ya Mbinga. Anasema ni mnanaha, yachomwe mtoto avute moshi wake, na mengine yachemshwe anywe kidogo. Je, inajuzu?

JAWABU: Sifa zote njema anastahiki Allah, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Sahaba zake.

Kwa ufupi, haijuzu kumpa mtoto majani hayo, si kwa moshi wala kwa kunywa. Hukumu hujengwa juu ya kulijua jambo, kwa hivyo tuanze na mmea wenyewe.

Kwanza jina. Mnanaha, ambao wengine huuita mranaha, si nanaa tunayotia kwenye chai. Majina yanakaribiana masikioni, lakini moja ni kiungo na jengine ni sumu. Wataalamu wa mimea huuita Datura stramonium. Ni wa ukoo mmoja na tungule, biringani, pilipili na tumbaku.

Ni mmea wa msimu mmoja: huota kwa mvua, hutoa maua, huzaa na kukauka ndani ya mwaka. Hufikia mita moja au zaidi, na shina lake hugawanyika kama panda. Majani ni mapana, kingo zake zina meno yasiyolingana, na yakifikichwa hunuka vibaya. Ua ni refu mfano wa tarumbeta, jeupe au la zambarau, na hufunguka jioni. Tunda ni kama yai dogo lenye miiba. Likikomaa hupasuka sehemu nne na kumwaga mbegu nyingi nyeusi zenye umbo la figo, kila moja kiasi cha milimita 3.

Mbegu hizo huweza kukaa ardhini miaka mingi bila kufa. Wamatengo wa Mbinga wana kilimo chao mashuhuri cha ngoro: hufyeka majani, huyapanga kwa miraba, huyafukia kwa udongo, na katikati ya kila mraba hubaki shimo. Gugu likifukiwa kabla ya kuzaa huoza likawa mbolea. Lakini mnanaha uliokwisha kuzaa ukifukiwa, mbegu zake hungojea jembe la msimu mwengine.

Sumu imo katika mmea mzima: mizizi, majani, maua na zaidi mbegu. Ndani yake mna atropini, hayosayamini na skopolamini. Hizi huzuia ujumbe ambao neva hupeleka kwenye misuli ya njia za hewa, tezi za mate, moyo na macho. Njia za hewa hutanuka, na ndiyo maana moshi wake humpa nafuu mwenye pumu. Wazee hawakusema uongo. Hata Ulaya katika karne ya 19 ziliuzwa sigara za pumu zenye majani haya.

Tatizo ni kipimo. Kizuizi hicho hicho hukausha mdomo, hutanua mboni, hupandisha joto la mwili, huzuia mkojo, huendesha moyo mbio na humfanya mtu aone yasiyokuwepo. Kiasi cha sumu hutofautiana baina ya mche na mche, na hata baina ya jani na jani. Kilichotuliza jana kinaweza kuua leo, na mtoto hudhurika kwa kiasi kidogo sana. Mwaka 2019 huko Karamoja, Uganda, unga wa lishe uliochanganyika na sumu za mmea wa aina hii ulisababisha vifo vya watu watano, na mamia wakaugua.

Ama hukumu: mafaqihi wetu wa Kishafii waliijadili mimea inayoondoa akili, kama banj. Wakasema mmea wenyewe si najisi, ila ni haramu kutumia kiasi kinachopoteza akili au kudhuru mwili. Wakaruhusu kwa dharura ya tiba, kama kukata kiungo kilichoharibika. Ruhusa hiyo inahitaji mjuzi na kipimo, na hapa vyote viwili havipo. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kutafuta dawa, na ametufundisha pia kuwa anayetibu bila kujulikana kwa utabibu hubeba dhamana ya madhara. Jirani huyo ana nia njema, lakini nia haiondoi dhamana.

Basi mpelekeni mtoto hospitali. Dawa za kuvuta za pumu zipo kwa kipimo maalumu, na mojawapo, ipratropiamu, imetengenezwa kutokana na atropini hiyo hiyo. Majani yafukieni mbali na watoto na mifugo. Ikiwa ameshayatumia na dalili tulizozitaja zikatokea, msingoje asubuhi. Mkimbizeni hospitali, na mchukue kipande cha mmea ili daktari akione.

Nasi wa visiwani, maharage na mahindi yanayotoka bara tuyachague vizuri kabla ya kuyapika au kuyasaga, na mbegu nyeusi ngeni tuzitupe.

Allah amponye mjukuu wako na wagonjwa wetu wote. Wallahu a'lam.