Mushonge: Nyumba ya Wahaya Inayodumu kwa Kujengwa Upya

Na Mwandishi Wetu, Bukoba

Kabla ya bati na matofali kuenea katika vijiji vya Bukoba na Muleba, mkoani Kagera, makazi ya asili ya Wahaya yalikuwa mushonge, nyumba ya duara iliyoezekwa kwa nyasi kutoka kileleni hadi karibu na ardhi. Haikuwa na madirisha, na paa lake ndilo lililokuwa ukuta wake. Leo nyumba hizo ni nadra, na mafundi wanaojua kuzijenga wanazidi kupungua.

Umbo la mushonge lilitokana na maisha ya mkulima aliye pia mfugaji. Ndani, kuta za matete zilitenga mahali pa kupokea wageni, pa kulala, pa kupikia na pa ng'ombe, ambao walilala humo pamoja na familia. Asubuhi ng'ombe walipelekwa rweya, yaani uwanda wa nyasi ulio nje ya makazi, na jioni wakarejea. Samadi yao ilirutubisha kibanja, shamba la migomba linaloizunguka nyumba, katika eneo ambalo mvua nyingi huosha rutuba ya udongo. Rweya pia ilitoa nyasi za kuezekea na za kutandika sakafuni.

Ujenzi wake ulianzia juu. Mafundi walisuka kwanza pete ndogo ya kilele, wakaongeza pete kubwa zaidi chini yake, huku wakiliinua paa kadiri lilivyopanuka na kulitegemeza kwa nguzo. Moto wa jikoni nao ulikuwa na kazi ya ziada: moshi ulipenya kwenye nyasi, ukazikausha na kufukuza wadudu. Nyumba isiyowashwa moto huoza mapema.

Hapo ndipo ugumu wa kuihifadhi unapoanzia. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayalinda majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863, na inampa Waziri mamlaka ya kutangaza mengine yenye umuhimu wa kihistoria. Kigezo cha umri kinafaa kwa magofu ya mawe ya Kilwa. Mushonge, hata ikiwa imesimama mahali pamoja kwa vizazi kadhaa, nyasi na fito zake ni za juzi. Kilicho cha kale ndani yake ni maarifa.

Mfano wa karibu upo nchini Uganda. Nyumba kuu ya makaburi ya wafalme wa Buganda huko Kasubi, iliyoezekwa kwa nyasi na kuingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, iliteketea kwa moto Machi 2010. Ilijengwa upya kwa sababu mafundi wa kuezeka walikuwapo, na mwaka 2023 UNESCO iliiondoa Kasubi katika orodha ya urithi ulio hatarini.

Makumbusho ya Kijiji jijini Dar es Salaam huwaonesha wageni nyumba ya Kihaya miongoni mwa nyumba za makabila mbalimbali. Hata hivyo, nyumba hiyo nayo huhitaji kuezekwa upya kila nyasi zinapochakaa. Kwa hiyo, uhifadhi wa mushonge unaanza na vijana wa Kagera kujifunza kusuka pete ya kilele, wakati wazee wanaoijua kazi hiyo wangalipo.